Isiolo hadi Loiyangalani bila kukimbizwa na mtu

Wikendi haitoshi. Naanza na hilo kwa sababu kila nikitaja safari hii ya gari hadi Loiyangalani, mji wa kando ya Ziwa Turkana kaskazini mwa Kenya, kuna mtu ananiambia ameomba ruhusa ya Ijumaa, anataka kuliona ziwa Jumamosi na Jumatatu awe kazini. Atafika, ndiyo. Ataona kioo cha mbele na vumbi. Mara ya kwanza mimi na mzee wangu tulienda hivyo hivyo, na ninachokumbuka zaidi ni tulivyogombana.

Tenga wiki nzima. Kanuni yetu ni moja tu: saa kumi na mbili asubuhi gari limewaka, saa tano tumefika mahali penye kivuli. Kutoka hapo hakuna kuendesha. Unakunywa chai, unalala, unaongea na watu, jua likishuka unatembea mjini. Kule miji ni midogo, na ukipita mbio utadhani hakuna kitu.

Isiolo ndipo pa kujaza tangi na mitungi, kununua mboga, na kutoa pesa taslimu kidogo, maana mtandao wa simu unapokatika hata M-Pesa hulala. Lami ya kwenda Moyale ni kama kilomita 500, na Marsabit iko karibu nusu ya njia. Barabara ni nzuri mno, na hapo ndipo hatari ilipo: imenyooka, unapata usingizi, halafu ngamia ishirini wamesimama katikati. Ngamia hasikii honi. Punguza mwendo, ngoja, msalimie mchungaji. Usiku usiendeshe kabisa.

Ukivuka daraja la Ewaso Ng'iro pale Archers Post, mlima Ololokwe utajitokeza kushoto, umekatwa juu kama meza. Sisi husimama hapo kunywa uji wa chupa. Merille na Laisamis ni za chai, ikiwezekana ya maziwa ya ngamia, yenye harufu ya moshi kwa sababu vibuyu vyake hufukizwa. Mzee wangu haipendi. Mimi hunywa vikombe viwili.

Marsabit beba sweta. Najua unaelekea jangwani, lakini mji uko mlimani, kuna msitu, na asubuhi ukungu huingia hadi mlangoni. Lala huko siku mbili. Ndani ya hifadhi kuna Ziwa Paradise, limekaa chini ya kreta kama maji ndani ya bakuli. Maji yake hupanda na kushuka kulingana na mvua, kwa hiyo waulize askari wa getini hali ilivyo kabla hujalipa. Ndio msitu wa Ahmed, ndovu wa pembe ndefu aliyewekewa ulinzi kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta mwaka 1970, akafa 1974. Wazee wa mji bado wanamtaja kama jirani aliyehama.

Kabla ya kushuka jangwa la Chalbi, uliza njia mara mbili: kituo cha polisi kuhusu usalama, na dereva wa lori la mbuzi kuhusu matope. Jibu la dereva ndilo la kuaminika kuhusu matope. Chalbi ilikuwa ziwa zamani sana, na mvua ikinyesha inakumbuka. Epuka Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba.

Ile chumvi ya Chalbi ni kama ukoko wa ugali. Juu pamekauka, panavunjika chini ya kiatu kwa sauti ndogo, lakini chini yake huenda pakawa pabichi. Ukiona rangi imebadilika kuwa nyeusi nyeusi, shuka, tembea hatua ishirini mbele ya gari. Kisigino kikizama, geuza. Fuata alama za magurudumu zilizopitiwa na wengi, na usijifanye shujaa wa kuchora njia yako.

Ukiacha lami kuelekea Maikona, punguza presha ya matairi. Sisi hushuka hadi psi 25, na kwenye mchanga mzito hadi 18. Beba pampu ya betri ya kurudisha hewa, spea mbili na maji lita 40 kwa watu wawili, mbali na ya radieta. Na ubao. Nasisitiza ubao. Kabla ya Kalacha tulipata pancha, mzee wangu akaweka jeki, akaanza kuzungusha. Gari halikupanda hata kidole. Jeki ndiyo iliyokuwa ikishuka mchangani, taratibu, kama mtu anayeketi. Alizungusha kwa dakika kumi akikataa kuniangalia. Kijana mmoja mchungaji alitutazama, akaondoka bila neno, akarudi na jiwe bapa kifuani. Siku hizi ubao wa inchi mbili unakaa chini ya kiti changu.

Kalacha kuna chemchemi na mikoma, na mifugo ya Wagabra hunywa hapo kwa zamu. Keti mbali kidogo na maji. Usipige picha kabla ya kuomba. Salamu inafungua mengi: “nagaa” kwa Wagabra, “supa” kwa Wasamburu, “ejok” kwa Waturkana.

Kutoka North Horr mawe meusi ya volkano yanaanza na mwendo unakuwa wa kilomita 20 kwa saa. Halafu ziwa linatokea, la kijani, kubwa kupita maziwa yote ya jangwani duniani. Maji yake ni ya magadi, yanateleza mkononi kama sabuni. Mamba wapo wengi, kwa hiyo oga pale tu ambapo wenyeji wanaoga. Kaa Loiyangalani usiku mbili au tatu. Samaki wapo, minazi hakuna, mikoma tele.

Upepo wa mlima Kulal huanza usiku na kuvuma hadi asubuhi. Hema lifungwe kwa mawe, si vigingi peke yake. Egesha gari pua ikitazama upepo, na fungua mlango mmoja tu kwa wakati, ukiushika kwa mikono yote miwili. Mlango wetu wa nyuma uliwahi kung'olewa bawaba, tukarudi hadi Laisamis ukiwa umefungwa kwa kamba ya mbuzi. Njia hiyo ya kurudi hupitia Sarima, kwenye mitambo 365 ya umeme wa upepo, na imetengenezwa vizuri kwa sababu mitambo yenyewe ilibebwa juu yake. Rudisha presha hadi 32 ukifika lami.