Ujumbe wa faili kubwa kwenye Laravel: usisahau `uploaded`

Wakiandika ujumbe wao wa makosa wa Kiswahili kwa ajili ya faili zinazopakiwa kwenye Laravel (mfumo wa kutengenezea tovuti kwa PHP), wengi huishia kwenye `picha.mimes` (aina ya faili) na `picha.max` (ukubwa wa juu). Halafu mtumiaji anapakia picha ya MB 5 kutoka kwenye simu, na anachokiona ni "The picha failed to upload."

Sababu ni kwamba PHP yenyewe, kwa mpangilio wake wa awali, ina kikomo cha `upload_max_filesize` cha 2M. Faili ikizidi hapo inakataliwa kabla sharti lako la `max:2048` (kilobaiti 2048, yaani MB 2) halijaangaliwa, kwa hiyo ule ujumbe wa `max` hautokei kamwe. Ongeza huu:

```php
'picha.uploaded' => 'Picha haikupakiwa. Huenda imezidi MB 2.',
'picha.max' => 'Picha isizidi MB 2.',
```

Ukitaka `max` ifanye kazi kweli, pandisha `upload_max_filesize` kwenye php.ini (faili ya mipangilio ya PHP) ipite namba yako, na `post_max_size` (kikomo cha ombi zima linalotumwa) iwe juu zaidi ya hapo. Na usiweke `:max` (nafasi inayojazwa namba ya kikomo) ndani ya ujumbe: inatoa kilobaiti, na sioni ni mteja gani atajua 2048 ni nini.