Somo: Kutoa klachi na kufunga giaboksi ya oto kwenye Land Cruiser 80 ya 1HZ

Habari za kazi, wadau. Somo hili nina deni nalo tangu gari la mzee wa Matamba litoke gereji. Mzee analima viazi kule juu, goti la kushoto limechoka, na barabara ya kupanda kutoka Chimala ina kona 57. Piga hesabu mwenyewe anakanyaga klachi mara ngapi kabla hajaliona shamba. Wanawe walitaka auze, anunue kagari kadogo ka oto. Akawaambia gari haliuzwi, goti ndilo litafutiwe dawa.

Gari ni Land Cruiser 80, injini 1HZ: dizeli, silinda 6, lita 4.2, haina tabo. Giaboksi niliyofunga ni A442F ya gia nne. Sikuichagua kwa mapenzi. Toyota wenyewe waliifunga kwenye 80 za dizeli, kwa hiyo inakaa mgongoni mwa injini bila kuchongesha kitu. Ukiniletea giaboksi ya gari lingine eti umeipata kwa bei ya kutupa, chai yako nitakunywa, giaboksi utarudi nayo.

Kwanza manunuzi, maana hapa ndipo kazi nyingi zinapofia. Chukua kila kitu kutoka gari moja: giaboksi ikiwa bado imeshikana na transfa yake (kisanduku kinachogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma), konvata (lile duara la oili linalokaa mahali pa klachi), flekspleti (sahani nyembamba inayokaa mahali pa flaiwili) na bolti zake, krosmemba (chuma cha kukatiza chasisi kinachobeba giaboksi), mkono wa gia, kebo inayotoka giaboksi kwenda pampu ya dizeli, mabomba ya kupoozea oili, dipstiki (kijiti cha kupimia oili) na mrija wake, pedali ya breki, na soketi zote za waya pamoja na kompyuta yake ndogo kama ipo. Muuzaji atakwambia bolti zipo mjini. Bolti za flekspleti usikubali kuambiwa zipo mjini. Kabla hujalipa, chomoa dipstiki, paka oili kwenye kitambaa cheupe, unuse. Nyekundu au ya kahawia kidogo, sawa. Nyeusi yenye harufu ya kitu kilichoungua, msalimie muuzaji uondoke.

Kushusha ya zamani hakuna jipya: toa betri, propela zote mbili, mikono ya gia, waya, stata, kisha shusha giaboksi na transfa kwa jeki ya giaboksi. Mzigo huo unapita kilo 100, na nimewahi kuona kijana akiupokea kwa kifua. Usifanye hivyo. Toa klachi, toa flaiwili, na ile beringi ndogo ya katikati ya krenki kama ipo, maana pua ya konvata inataka kukaa pale. Sili ya nyuma ya krenki badilisha papo hapo. Ni ya bei ndogo, na ikivuja baadaye utashusha kila kitu upya.

Sasa konvata. Hapa naomba usome taratibu.

Konvata haiwekwi tu na kusukumwa. Imimine oili kwanza, ielekeze kwenye shafti, halafu izungushe huku unaisukuma kwa mikono miwili. Itashuka kwa vituo: utasikia "tk", unazungusha, "tk" nyingine, unazungusha tena. Kituo cha mwisho ni meno yake kushika pampu ya oili iliyo ndani ya giaboksi. Weka rula bapa kwenye mdomo wa giaboksi, pima kina mpaka kwenye matundu ya bolti za konvata, andika namba hiyo ukutani. Ukishaifunga giaboksi kwenye injini, konvata lazima izunguke kwa mkono na iwe na upenyo mdogo kati yake na flekspleti; bolti za konvata ndizo zitakazoivuta mbele hizo milimita chache. Kama haizunguki, au bolti za giaboksi zinavuta kwa nguvu ili mdomo ufunge, simama. Fungua, anza upya.

Mwaka wangu wa pili kwenye ufundi sikusimama. Nilivuta kwa spana ndefu mpaka ikafunga, nikajiona mwanaume. Injini ilipowaka tulisikia sauti kama kijiko kwenye mashine ya kusaga. Pampu ilikuwa imevunjika, na gari halikuwa langu. Nililipa kwa miezi mitano.

Krosmemba na maunti (mipira inayokalia giaboksi), hapa ni kufuata matundu. Pima propela kabla ya kwenda kwa mchomeleaji: gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, siyo likining'inia, hakikisha slipu (ile sehemu ya propela inayoteleza) ina nafasi ya kuingia na kutoka. Pedali ya klachi toa kabisa, usiiache kama pambo. Mguu una kumbukumbu. Mzee wetu wiki ya kwanza alikuwa anakanyaga hewa.

Kebo ya pampu ndiyo roho ya giaboksi hii, na wengi wanaifunga kwa kukisia. Ndiyo inayoiambia giaboksi umekanyaga mafuta kiasi gani. Ikilegea, gia zinapanda mapema na presha ya oili inakuwa ndogo. Diski za ndani zinateleza mpaka ziungue, na wewe unasifia jinsi gia zinavyobadilika laini. Ikikaza mno, gia zinachelewa na kupiga teke. Mtu mmoja akanyage mafuta mpaka mwisho, wewe uangalie: kebo iwe imevutwa yote bila kukazwa kupita hapo, na akiachia irudi bila kulegalega.

Waya: swichi ya giaboksi iunganishe ili stata isipige gari likiwa kwenye D au R. Kuna mafundi wanaikata na kuunganisha moja kwa moja, "itawaka tu". Itawaka, ndiyo, halafu itampanda mtu. Angalia pia volti. Baadhi ya dizeli za Japani zina mfumo wa volti 24, na gari lako huenda ni 12.

Kupooza oili sikufanya utani. Konvata ikiteleza kwenye mwendo wa pole na mzigo, inazaa joto, na barabara ya Matamba yote ni mwendo wa pole na mzigo. Nilipitisha oili kwenye rejeta, kisha kwenye kula (kipoozeo cha oili) ya ziada mbele ya rejeta.

Kujaza oili: fuata aina iliyoandikwa kwenye dipstiki. Weka lita nne, washa, ongeza kidogo kidogo, pitisha mkono P mpaka L huku umekanyaga breki, rudi P. Endesha mpaka ipate moto, kisha pima injini ikiwa inaunguruma. Galoni la lita 5 halitoshi, jiandae.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Tukuyu: Fundi, oto si itakosa nguvu milimani? 1HZ yenyewe ni mzee.

Jibu: Kaka, injini isiyo na tabo inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu kila ukipanda mita 1,000, na Kitulo, kule juu ya Matamba, ni zaidi ya mita 2,600. Hiyo haibadiliki hata ukiwa na klachi. Lakini wakati wa kuondoka, konvata inazidisha msukumo karibu mara mbili. Kwenye tope la mlimani mzee anaondoka vizuri kuliko zamani. Kwenye lami ya Uyole kwenda Igawa ndipo utaona uvivu.

Mdau wa Iringa: Na Kitonga kushuka? Naogopa breki.

Jibu: Una haki ya kuogopa. Oto inashikilia gari kidogo kuliko klachi. Weka 2 kabla mteremko haujaanza, mkali zaidi weka L. Na anayeweka frii (N) ili aokoe mafuta, tusipande naye.

Mdau wa Mlowo: Mkuu, betri ikifa porini tunasukuma kama kawaida?

Jibu: Hapana. Oto hata msukume kijiji kizima haiwaki. Tembea na waya za kuchajia. Likivutwa, transfa iwe N.

Mdau wa Njombe: Nina pikapu ya 75, 1HZ hiyohiyo. Inakubali?

Jibu: Kwenye injini inafunga, nyuma ya hapo ni somo lingine. Transfa ya gari nililochukulia inapeleka nguvu magurudumu yote manne muda wote, yako ya mbele unaifunga mwenyewe kwenye habu za magurudumu. Krosmemba, propela na mikono vyote vitachongwa. Niletee gari tulitazame chini kwanza, usinunue kitu.

Mama wa Mafinga: Shikamoo fundi. Huyo mzee goti limepona?

Jibu: Marahaba mama. Goti liko vilevile. Ila juzi kateremka na magunia ya viazi mwenyewe, dereva kamwacha nyumbani.