Kushuka Mongomi wa Kolo: anza na kucha za miguu

Wengi wakienda Mongomi wa Kolo kuona michoro ya miambani kule Kondoa, Tanzania (ile iliyoingia Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006) hujiandaa kwa kupanda tu. Kupanda kunakata pumzi, sawa, lakini kushuka ndiko kunakomaliza magoti.

Kata kucha siku moja kabla. Ukishuka, mguu unasogea mbele ndani ya kiatu na kidole gumba kinagonga kila hatua. Kucha ndefu huvilia damu na kuwa nyeusi. Kabla ya kugeuza, keti, kaza kamba za kiatu pale kifundoni ili kisigino kikae nyuma, ila huku mbele vidole viachie nafasi. Piga hatua fupi, magoti yamekunjwa kidogo. Changarawe juu ya jiwe bapa ni kama mtama uliomwagika sakafuni, kwa hiyo tafuta jiwe tupu la kukanyaga. Ukitaka kutazama nyika huko chini, simama kwanza. Kutembea huku unapiga picha, hapana.

Mapaja yatauma kesho yake, pengine keshokutwa zaidi. Usiogope, misuli ilikuwa inafunga breki njia nzima. Na maji usiyamalize kileleni.