Kurekodi matamshi ya Kiswahili kwa kadi za kujifunzia

Neno "barabara" lina matamshi mawili. Mkazo ukikaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ni njia ya magari. Ukirudi nyuma silabi moja, baRAbara, maana yake ni sawasawa. Programu inayosoma maandishi haiwezi kuyatofautisha kwa herufi peke yake, na mwanafunzi aliyezoea kosa hilo kwa kulisikia huhangaika sana kuliacha. Kadi nzuri zinataka sauti ya mtu, tena aliyekulia ndani ya lugha.

Anza na orodha. Maneno 50 kwa kikao yanatosha. Yakizidi, koo hukauka na sauti hubadilika. Kando ya kila neno andika sentensi fupi ili msomaji ajue maana: kwa wasemaji wengi wa pwani, paa mnyama ana p yenye mpumuo, paa la nyumba halina. Kila neno litamkwe mara tatu, na kituo cha sekunde mbili baina ya matamko. Angalia kiimbo. Mtu akisoma orodha, sauti hupanda kila neno na kushuka kwenye la mwisho tu, kama anayehesabu. Mwombe atamke kila neno kana kwamba anajibu swali.

Chumba kina uzito kuliko maikrofoni. Sakafu ya vigae na kuta tupu huleta mwangwi, na hakuna programu inayouondoa vizuri. Tumia chumba cha kulala chenye godoro na nguo nyingi. Khanga moja ukutani haisaidii kitu; blanketi zito nyuma ya msomaji linasaidia. Zima feni na friji, na mvua ikianza kupiga bati, ahirisha.

Simu ya kawaida inafaa. Iweke katika hali ya ndegeni, sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi ya p na b isiipige moja kwa moja. Rekodi WAV (faili ya sauti isiyobanwa), mono, yaani chaneli moja, 44,100 Hz, biti 16. Kilele cha sauti kiwe kati ya desibeli -12 na -6, kwani ikigonga sifuri hupasuka na haitengenezeki tena. Matamshi usiyapokee kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Sauti hubanwa, na s, sh, f na th, ambazo hutofautiana kwenye masafa ya juu, ndizo huumia kwanza. Msomaji akiwa mbali, arekodi WAV na aitume kama faili.

Acha sekunde tano za ukimya mwanzoni. Katika Audacity, programu ya kuhariri sauti, ukimya huo ndio sampuli ya kuondolea kelele. Punguza kelele kwa desibeli 6, usizidi 12, la sivyo sauti hulia kama iko majini. Sawazisha ukubwa wa sauti kwa rekodi nzima kabla ya kukata, maana LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia, hufanya kazi kwa vipande vya milisekunde 400 na neno kama "la" linaweza kuwa fupi kuliko hapo.

Kata kwa mkono. Vikataji vya kiotomatiki vinavyotafuta ukimya hula mwanzo wa mtu, mke na nchi, kwa sababu m na n hizo huanza taratibu. Bakiza sekunde 0.2 kabla na 0.3 baada. Chagua tamko bora kati ya matatu, weka lebo kwa Ctrl+B, kisha toa faili zote kwa mkupuo kufuata lebo: MP3, mono, 96 kbps, takriban kilobaiti 12 kwa sekunde. Jina la faili lisiwe na ritifaa. Ng'ombe iwe ngombe_01. Kwenye Anki, programu ya kadi za kujifunzia, andika [sound:ngombe_01.mp3].

Kabla ya kugawa kadi, mchezeshee sauti mtu asiyeiona orodha, kwa spika ya simu ya bei nafuu, aandike anachosikia. Akiandika "felathini" badala ya "thelathini", rekodi neno hilo upya.