Kuvisha Chembe za Sumaku Joho la Kitosani

Chembe hizi ndogo mno za oksidi ya chuma hutengenezwa ili kubeba dawa mwilini. Katika maabara yetu hapa Mombasa huyeyusha majini chumvi mbili za chuma kwa hesabu ya moli (kipimo cha idadi ya atomi): feriki (chuma chenye chaji +3) 2, ferasi (chenye chaji +2) 1. Pitisha nitrojeni kwanza kufukuza oksijeni, kisha tia amonia kidogo kidogo huku ukikoroga. Chembe zikiundika, maji hugeuka meusi tititi, kama wino wa ngisi. Yakielekea rangi ya kutu, hewa imeingia, anza upya. Weka sumaku chini ya bika (chombo cha kioo cha maabara) ishike chembe, mwaga maji, suuza mpaka harufu ya amonia iishe.

Sasa joho, yaani utando wa kufunika chembe. Kitosani hutokana na maganda ya kamba, kama hawa wa soko la samaki Mji wa Kale. Iyeyushe katika asidi ya asetiki (asidi ya siki) ya asilimia 1, kisha changanya na chembe. Bila joho chembe hugandana, na zilizogandana zaweza kuziba mishipa ya damu. Joho hushika dawa. Kiini cha sumaku hutia giza kwenye picha ya MRI (picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku).