Kuficha kidokezo mbele ya macho ya msomaji

Hadithi fupi ya upelelezi huanza kuandikwa kutoka mwisho wake. Kwanza, kwenye karatasi ya pembeni, andika nani alitenda, kwa nini, na saa kwa saa alikuwa wapi.

Tuchukue ghala la mahindi Makambako, mwezi wa Novemba. Asubuhi fedha za mauzo hazipo. Waliolala pale ni mlinzi, karani na dereva wa Fuso. Kwa maneno 2,000 hadi 2,500, washukiwa watatu wanatosha. Wa nne utakosa pa kumweka.

Mwizi ni dereva. Anadai aliegesha saa mbili usiku na lori halikusogea tena. Kumbe mvua ilipoanza, saa tano, aliondoka nalo kwenda kuficha fedha, akarudi kabla haijakatika. Kelele za mvua kwenye bati zilimeza mlio wa injini. Lakini mvua hiyo hiyo imelowesha ardhi chini ya lori, mahali palipotakiwa kuwa pakavu.

Sasa kibane kidokezo hicho kama mbishi wa kijiweni. Je, maji hayakutiririka tu kuingia uvunguni? Basi taja mapema kwamba maegesho yameinuliwa kwa kifusi. Je, ardhi haikuwa imelowa tayari? Ndiyo sababu ya Novemba: iwe mvua ya kwanza baada ya kiangazi. Ukipeleka kisa hiki Tukuyu, ambako mvua haina adabu, kidokezo kimekufa.

Kukiweka ndiyo kazi yenyewe. Usiandike “cha ajabu, chini ya lori palikuwa na tope.” Andika hivi:

“Mlinzi alivua koti lililonuka moshi. Kuku wawili walikuwa wakichakura tope chini ya Fuso. Karani akaangua kilio.”

Kidokezo kimekaa katikati, na kilio kinamvuta msomaji mbele kabla hajauliza. Kirudie mara moja tu, kwa sura nyingine: fundi anatoka uvunguni, ovaroli imejaa tope mgongoni. Ukikitaja mara ya tatu umeshamtaja mwizi.

Msimulizi asiwe mpelelezi. Mwandishi wa Marekani Edgar Allan Poe alifanya hivyo mwaka 1841, na Conan Doyle akampa mpelelezi wake, Sherlock Holmes, rafiki daktari anayesimulia. Rafiki huona kila kitu na kukisoma vibaya. Wewe hujamficha msomaji chochote.

Njia ya uongo, yaani dalili ya kumpoteza msomaji, nayo inahitaji ukweli wake. Makambako lazima atokee wa kusema fedha zimekwenda na chuma ulete, uchawi wa kuvuta fedha za watu. Mwache aseme, ila uchawi usiwe jibu. Ronald Knox, mwandishi Mwingereza wa hadithi za upelelezi, aliupiga marufuku katika kanuni zake za mwaka 1929, na hapo tunakubaliana naye. Karani ashikilie chuma ulete kwa sababu amekopa kwenye sanduku bila ruhusa na anaogopa hesabu. Kilio chake kikikosa sababu, msomaji atajiona amechezewa.

Makosa mengine ni ya kawaida: mwizi anayeingia ukurasa wa mwisho, au mpelelezi anayetoa mfukoni karatasi ambayo hatukuiona.

Ukimaliza, mpe mtu asome hadi kabla ya ufumbuzi, umuulize ni nani. Akimtaja dereva kwa sababu ya tope, sogeza kuku nyuma, karibu na mwanzo. Akishindwa, msomee ufumbuzi, kisha mwambie arudi nyuma atafute kidokezo. Asipokiona hata hapo, umekizika mno: ongeza sentensi moja kwa fundi.