Masufuria meusi tii kwa masizi? Majivu na makumbi ya nazi yanatosha

Nauza chakula huku Tanga mwaka wa nane sasa, masufuria yangu yanakaa kwenye kuni toka alfajiri, masizi nayajua vizuri. Zamani kila wiki nanunua stilwaya na sabuni ya maji, hela inaisha hivihivi, mpaka nikarudi kwenye mambo aliyokuwa anafanya bibi yangu.

Kazi inaanza kabla hujabandika. Koroga majivu na maji mpaka yawe kama uji mzito, paka nje ya sufuria chini na pembeni, yakikauka kidogo ndo ubandike. Masizi yatashika kwenye majivu, sio kwenye sufuria, ukija kuosha yanatoka na maji. Wengi wanairuka hii hatua afu wanalalamika mikono inauma, jamani msiiruke!

Majivu yenyewe yawe ya kuni tupu au mkaa, yaliyopoa kabisa, sio ya jalalani walipochoma plastiki wala ya mbao zenye rangi. Yachekeche kwa chekeche kuukuu, misumari na vipande vya mkaa vinachuna sufuria.

Afu chukua makumbi ya nazi, pale sokoni wanayatupa tu, yaloweke kidogo, yachambue ufanye bonge la kukaa kiganjani. Lichovye kwenye maji, kisha kwenye majivu, sugua kwa kuzungusha. Majivu yana magadi ndani yake ndo maana yanakata mafuta, mi naongezea sabuni ya mche kidogo sana mwishoni. Ila usiyaache yamegandia kwenye sufuria ya alumini usiku kucha, itafanya weusi, na hizi za kisasa zisizoshika chakula usizisugue hivi kabisa, utaziharibu. Mikono inakauka pia, ukimaliza paka mafuta ya nazi.

Ukoko ndani usipigane nao, tia maji, chemsha, utaachia wenyewe. Kama ndani pamefifia, chemsha maganda ya ndimu yaliyokwisha kukamuliwa au ukwaju kidogo kama robo saa, utaona inavyong'aa. Ila ndimu au siki usichanganye na jiki hata siku moja, inatoka hewa ya sumu inayobana kifua, nawaomba sana hapo, hasa wenye watoto jikoni.

Suuza, fudikiza kichanjani juani.